Waya au Mawimbi? Somo la Intaneti Katika Nyumba za Unguja

Katika likizo ya mwisho wa mwaka nilikwenda kuwatazama jamaa zangu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mpwa wangu, ambaye yumo kidato cha tatu, alinipokea kwa shikamoo na mashtaka. Yeye na wanafunzi wenzake walikuwa wakishindana mpira wa miguu kwa kompyuta, kila mmoja akiwa kwao, nao wakikutana kwa njia ya intaneti. Yeye alitolewa katika duru ya kwanza. "Mjomba," aliniambia, "mlinda mlango wangu huruka mpira ukiwa umeshaingia."

Kwa akiba yake ya miezi mitatu alikuwa amenunua kifurushi kikubwa zaidi, kwa kuwa muuzaji mmoja alimhakikishia kwamba kasi ikiongezwa mara mbili taabu yote itakwisha. Haikwisha. Sasa alitaka kutoboa ukuta ili apitishe waya kutoka chumba cha chini, ilipo ruta, hadi chumbani kwake ghorofa ya pili. Bibi yake, mwenye dhamana ya nyumba hiyo ya wakfu, alikataa katakata. "Ukuta huu," alisema, "hausimami kwa saruji, husimama kwa kushikana. Mmeona wenyewe Beit al-Ajaib ilivyoporomoka." Alikuwa akikumbusha tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya jengo hilo mashuhuri la Forodhani ilianguka na kupoteza maisha ya watu.

Madhali mimi ni mwalimu wa fizikia, nikafanywa kadhi baina ya bibi na mjukuu. Shauri lenyewe lilikuwa moja: je, waya ni bora kuliko mawimbi kwa mchezo wa mtandaoni, na ikiwa ni bora, je, ubora huo unastahili kutobolewa ukuta? Katika makala haya nitaeleza jinsi tulivyolichunguza, kwani ndani yake mna somo la nuru, la mawimbi na la hesabu ambalo mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kulifundisha kwa vifaa vilivyomo nyumbani.

1. Maana mbili za neno "kasi"

Kosa la kwanza lilikuwa katika neno. Watu wanaposema kwamba intaneti ina kasi, huchanganya mambo mawili yaliyo mbali mbali. La kwanza ni upana wa njia, yaani idadi ya biti zinazoweza kupita katika sekunde moja. Upana huu hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, nao ndio unaouzwa madukani. La pili ni mchelewo, yaani muda ambao ujumbe mmoja huchukua kufika uendako na jibu lake kurudi. Mchelewo hupimwa kwa milisekunde, na milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Jahazi kubwa hubeba magunia mengi kuliko ngalawa, lakini halifiki Dar es Salaam mapema kwa sababu tu ni kubwa. Mwenye kuhamisha shehena anahitaji jahazi. Mwenye kupeleka barua ya maneno matatu anahitaji chombo chepesi kinachoondoka sasa hivi.

Mchezo wa kompyuta ni barua, si shehena. Tuchukulie kwamba mashine ya mchezaji hupeleka ujumbe 60 kila sekunde, na kila ujumbe una baiti 100. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, tunapata:

100 × 8 × 60 = biti 48,000 kwa sekunde.

Hiyo ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya megabiti moja. Ikiwa njia ya nyumbani ina upana wa megabiti 10 kwa sekunde, mchezo hautumii hata nusu ya asilimia moja yake. Ni dhahiri basi kwamba kuongeza upana kutoka megabiti 10 hadi 20 hakuwezi, peke yake, kumfanya mlinda mlango aruke mapema. Mpwa wangu alikuwa ameuziwa jahazi.

2. Safari ya mbali

Mchelewo hutoka wapi? Chanzo cha kwanza ni umbali, na hapo hapana wa kulaumiwa, kwani ni sheria ya maumbile. Nuru husafiri kilometa 300,000 hivi kwa sekunde katika ombwe. Ndani ya uzi wa kioo, ambao kipeo chake cha kupinda nuru hukaribia 1.5, kasi hiyo hupungua hadi kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ikiwa seva ya mchezo iko Ulaya, na njia ya mkongo kufika huko ina urefu wa kilometa 10,000, kwenda ni milisekunde 50 na kurudi ni 50 nyingine. Jumla ni milisekunde 100, hata kama mitambo yote ya njiani ingefanya kazi bila dosari.

Zanzibar si mgeni wa habari zinazopita chini ya bahari. Waya wa simu ya maandishi uliotoka Aden ulifika hapa mwaka 1879, na kisiwa cha Bawe, kinachoonekana kutoka Forodhani, kilitumika kama kituo cha nyaya hizo. Lakini kwa intaneti, Afrika ya Mashariki ilikaa miaka mingi ikitegemea satelaiti, mpaka mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi mwezi Julai 2009, ukifuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Satelaiti zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kimo cha kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Ujumbe hupanda na kushuka, yaani kilometa 72,000, na jibu hufuata njia hiyo hiyo. Kilometa 144,000 zikigawanywa kwa 300,000 ni karibu nusu sekunde. Katika nusu sekunde mpira uliopigwa kwa nguvu umeshavuka eneo lote la hatari.

Kutokana na sheria hii, mchezaji wa Unguja anapopewa nafasi ya kuchagua seva, hana budi kuchagua iliyo karibu kwa njia ya mkongo. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua vituo vyake vya seva Johannesburg na Cape Town, na mwaka 2020 Amazon ikafungua chake Cape Town. Njia ya kilometa 5,000 ina mchelewo wa umbali wa milisekunde 50 kwenda na kurudi, nusu ya ule wa kilometa 10,000. Uchaguzi huo haugharimu kitu, wala hautoboi ukuta.

Tusisahau pia kwamba mkongo nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya majirani zake ikadhoofika mno. Siku kama hiyo, aliyeunganishwa kwa waya nyumbani na asiyeunganishwa wote husubiri pamoja. Wazanzibari wanalielewa jambo hili kuliko wengi: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima cha Unguja kilikaa gizani kwa sababu ya hitilafu ya njia ya umeme kutoka bara.

3. Mbio za mita ishirini

Sasa turudi ndani ya nyumba. Kutoka ruta hadi chumba cha mpwa wangu ni kama mita 20. Mawimbi ya redio husafiri hewani kwa kasi ya nuru, kwa hiyo hutumia sehemu 0.067 ya milioni moja ya sekunde. Ishara ndani ya waya wa shaba husafiri polepole kidogo, karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo hutumia sehemu 0.1 ya milioni moja. Ajabu ni kwamba katika mbio hizi mawimbi ndiyo yanayoshinda! Lakini ushindi huo ni mdogo hata haupimiki kwa mchezaji. Mbona basi mwenye mawimbi hufungwa mabao? Kwa sababu muda haupotei katika kukimbia, hupotea katika mambo matatu: kuta, zamu na marudio.

Kuta. Wi-Fi hutumia zaidi masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya kasi kwa masafa: 300,000,000 kwa 2,400,000,000 ni mita 0.125, yaani sentimeta 12.5. Kwa gigahezi 5 ni sentimeta 6. Kwa kawaida mawimbi ya masafa ya juu zaidi hupenya ukuta kwa shida zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na kuta zake mara nyingi hufikia nusu mita au zaidi kwa unene. Dari zake ni boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu na kujazwa mawe na chokaa. Mawe hayo yana vitundu, hunywa unyevu wakati wa masika, na yana chumvi. Maji ni adui wa mawimbi haya. Ndiyo maana jiko la maikrowevu, linalotumia masafa ya jirani kabisa, hupasha moto chakula chenye maji.

Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila ukuta hupitisha sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoufikia. Baada ya ukuta mmoja imebaki 1/10, baada ya kuta mbili 1/100, baada ya kuta tatu 1/1,000. Ishara ikidhoofika hivyo, ruta na kompyuta huanza kuzungumza polepole ili zielewane, kama mtu anayemwita mwenziwe aliye mbali kwa kuvuta kila silabi. Kila neno hushika hewa kwa muda mrefu zaidi, na wengine wote hungoja.

Zamu. Hewa ni moja, nayo ni ya wote. Katika baraza ya kahawa wazee hawasemi kwa pamoja. Kila mmoja husikiliza kwanza; akikuta kimya, husubiri kidogo, kisha husema. Vifaa vya Wi-Fi hufuata adabu hiyo hiyo. Kabla ya kutuma, kifaa husikiliza. Hewa ikiwa tupu, huhesabu muda mfupi wa kubahatisha, kisha hutuma. Simu ya mama, televisheni ya baba na kompyuta ya mtoto zote zimo katika baraza moja, na hata vifaa vya jirani vinavyotumia mkondo huo huo vimo humo.

Marudio. Ikiwa wawili watasema kwa pamoja, au neno likimezwa na ukuta, aliyetuma hapati stakabadhi ya kupokelewa. Basi hutuma tena, na kila anaposhindwa huweza kusubiri kwa kubahatisha katika muda mrefu kuliko wa kwanza. Ujumbe mmoja hupita mara ya kwanza, wa pili hupita baada ya majaribio manne. Hivyo mchelewo hauwi mkubwa tu, bali huyumba. Myumbo huu ndio ugonjwa halisi wa mchezaji. Mpiga dumbaki anayechelewa kwa kiasi kile kile kila pigo, waimbaji watamzoea. Anayechelewa mara kidogo, mara sana, huvunja wimbo. Vivyo hivyo, mchezaji huweza kuuzoea mchelewo wa milisekunde 80 usiobadilika, lakini hawezi kuuzoea unaoruka kutoka 40 hadi 300 bila taarifa.

4. Visiwa vilivyoufundisha waya

Wanafunzi watafurahi kujua kwamba waya na mawimbi si maadui, bali ni ndugu, na aliyetangulia kuzaliwa ni mawimbi. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake walianzisha mtandao ulioitwa ALOHAnet. Hawaii, kama Zanzibar, ni visiwa, nao walitaka kuunganisha kompyuta zilizo katika visiwa mbali mbali kwa redio. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: mwenye neno na aseme, asipojibiwa, na asubiri muda wa kubahatisha, kisha aseme tena. Hesabu ilionyesha kwamba kwa kanuni hiyo njia hutumika kwa faida si zaidi ya asilimia 18 hivi. Sehemu iliyobaki hupotea katika ukimya na migongano.

Robert Metcalfe aliisoma kazi hiyo. Mwaka 1973, akiwa Xerox PARC huko California, aliandika pendekezo la mtandao wa waya akauita Ethernet, kwa jina la etha, ile hewa ya kudhaniwa ambayo wanafizikia wa karne ya 19 waliamini kwamba ndiyo inayobeba nuru. Aliongeza adabu ambayo ALOHAnet haikuwa nayo: sikiliza kabla ya kusema, na ukisikia mgongano, nyamaza. Kwa hiyo waya unaouona nyuma ya kompyuta leo ni mwanafunzi wa redio ya visiwani.

5. Kwa nini waya hutulia

Ethernet ya kwanza ilikuwa waya mmoja uliotumiwa na wote, nao ulikuwa na migongano. Ethernet ya leo imebadilika. Kila kompyuta ina waya wake mwenyewe hadi kwenye ruta, na ndani ya waya huo mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi 4. Ishara za kwenda na za kurudi hupita kwa wakati mmoja bila kungojana. Hapana baraza, hapana zamu, hapana mgongano. Msokoto nao una kazi yake. Usumbufu wa umeme kutoka nje huzigusa nyuzi zote mbili za jozi kwa kiasi kilicho karibu sawa. Kipokezi kinachosoma tofauti baina ya nyuzi hizo huufuta usumbufu huo. Hili ni somo zuri la usumaku-umeme kwa kidato cha nne.

Kwa waya mzima, kwenda na kurudi baina ya kompyuta na ruta huchukua chini ya milisekunde moja, na huwa hivyo asubuhi, jioni, masika na kiangazi. Urefu wa waya wa namna hii usizidi mita 100. Katika hewa yetu ya chumvi mnunuzi aangalie mambo mawili. Kwanza, vichwa vya waya hushika kutu ya kijani, hivyo visiachwe wazi dirishani. Pili, ziko waya za bei nafuu ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Hizo hukatika upesi zinapokunjwa. Aidha waya wa shaba usipitishwe nje kutoka nyumba hadi nyumba bila kinga ya radi, kwani utakuwa daraja la kuiingiza radi ndani.

6. Nyumba tatu, hukumu tatu

Hata hivyo, mtu asikurupuke kusema kwamba waya ni bora kila mahali. Tuzitazame nyumba tatu za Unguja.

Ya kwanza ni nyumba ya Mji Mkongwe. Kuta nene huiua ishara baina ya vyumba, lakini kuta hizo hizo huzuia kelele za majirani. Chumbani mlimo ruta, Wi-Fi huweza kuwa safi ajabu. Tatizo ni kupita, si msongamano.

Ya pili ni nyumba katika majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Huko familia nyingi hukaa ubavu kwa ubavu na juu kwa chini. Ruta iko hatua chache tu kutoka kwa mchezaji, na ishara ni kali. Lakini vivyo hivyo ruta za majirani. Katika gigahezi 2.4, mikondo isiyogongana ni mitatu tu: namba 1, 6 na 11. Ruta kumi na tano zikigawana mikondo mitatu, kila baraza ina ruta tano. Hapa waya husaidia sana, na asiyeweza waya na ahamie gigahezi 5, yenye mikondo mingi zaidi na isiyovuka kuta hadi kwa jirani kwa urahisi.

Ya tatu ni nyumba ya Makunduchi, kusini ya kisiwa. Ikiwa intaneti inaingia kwa modemu ya mtandao wa simu, basi hatua ya hewani si ya mita 20 tu, bali ni ya kilometa kadhaa hadi mnara, na mnara ndio unaogawa zamu kwa kijiji kizima. Waya baina ya kompyuta na modemu utaondoa myumbo mdogo wa ndani na kuuacha mkubwa wa nje. Afadhali mwenye nyumba aiondoe modemu chini ya paa la bati, ambalo huyarudisha mawimbi, akaiweke dirishani upande wa mnara. Hapo atapata faida kuliko kununua waya.

7. Foleni

Liko jambo moja linalowadanganya watu wote, wa waya na wa mawimbi. Mtu mmoja nyumbani anapopakua filamu, pakiti hupanga foleni katika mitambo inayolisha njia ya nyumba hiyo. Tuchukulie foleni ya baiti milioni moja, yaani biti milioni 8, katika njia ya megabiti 10 kwa sekunde. Ujumbe wa mchezo unaofika nyuma ya foleni hiyo utangoja:

8,000,000 ÷ 10,000,000 = sekunde 0.8, yaani milisekunde 800.

Hakuna waya utakaoiondoa foleni hii. Dawa yake ni ruta yenye uwezo wa kupanga foleni kwa haki, au mapatano ya kifamilia kwamba filamu zipakuliwe usiku. Na hapa ndipo upana wa njia huwa na faida yake ya kweli: ukiongezwa, foleni huisha mapema zaidi.

8. Jaribio

Kabla ya kutoa hukumu tulipima. Jaribio hili laweza kufanywa na darasa lolote lenye kompyuta moja na ruta moja.

(a) Tafuta anwani ya ruta. Mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

(b) Kwa amri iitwayo ping, iliyomo katika kompyuta nyingi, tuma ujumbe 100 kwa ruta kwa njia ya Wi-Fi, ukiwa chumba kile kile ilipo ruta. Andika muda wa kila jibu.

(c) Rudia ukiwa katika chumba cha mbali.

(d) Rudia kwa waya.

(e) Sasa tuma ujumbe 100 kwa seva ya mbali, kwanza kwa Wi-Fi, kisha kwa waya.

(f) Kwa kila fungu tafuta wastani, kikubwa kabisa na kidogo kabisa, kisha chora mchoro wa mihimili.

Tafsiri yake ni hii. Ikiwa namba za kufika kwenye ruta ni ndogo na zimetulia, lakini za seva ya mbali ni kubwa, tatizo liko nje ya nyumba, na waya hautalitatua. Ikiwa namba za ruta zenyewe zinaruka, tatizo liko ndani ya nyumba, na fedha inayolipwa kwa kifurushi kikubwa ni fedha inayotupwa baharini.

Nyumbani kwetu matokeo hayakuacha shaka. Chumbani mwa ruta namba zilitulia. Katika chumba cha mpwa wangu ziliruka kama samaki kwenye nyavu, na baadhi ya ujumbe haukurudi kabisa. Kwa waya, kila jibu lilikuja chini ya milisekunde moja. Mpwa wangu alizitazama namba zile akanyamaza. Nadhani alikuwa akikumbuka akiba yake.

9. Hukumu

Kijana alikuwa na haki kuhusu waya, na bibi alikuwa na haki kuhusu ukuta. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 umewekewa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi. Ukuta wa mawe na chokaa ukitobolewa ovyo huingiza maji, na maji huyalegeza mawe kimya kimya kwa miaka. Hapana mchezo unaostahili bei hiyo.

Lakini nyumba hizi zilijengwa na watu waliojua kwamba hewa lazima ipite, na pale ipitapo hewa hupita na waya. Tuliupandisha waya kwa kuufuata uwanja wa ndani, tukaufunga kwa kamba kwenye nguzo ya roshani, tukauingiza chumbani kupitia nafasi iliyo juu ya mlango. Haukupigwa msumari hata mmoja. Kwenye ncha ya juu tuliweka swichi ndogo na kifaa cha pili cha Wi-Fi, ili ghorofa nzima ipate mawimbi yasiyolazimika kuvuka dari. Hivyo waya ulifanya kazi ya waya, yaani kuvuka mawe. Na mawimbi yakafanya kazi ya mawimbi, yaani kumfuata mtu popote anapoketi.

Bibi alikagua kila pembe, akaridhika. Siku ya pili nilimsikia akizungumza na dada yake aliye Muscat kwa picha na sauti, bila ya maneno kukatika, naye akasema kumbe mashine ya mtoto ina faida.

Mpwa wangu alicheza tena jioni hiyo, akafungwa mabao matatu kwa mawili. Nilipomuuliza, alicheka. "Leo, Mjomba," alisema, "nimefungwa na mchezaji. Si na ukuta."

Maswali kwa wanafunzi

1. Mkongo kutoka nyumbani hadi seva una urefu wa kilometa 7,000. Tafuta mchelewo mdogo kabisa unaowezekana wa kwenda na kurudi.

2. Kwa nini wimbi la gigahezi 2.4 hupita hewani haraka kuliko ishara ya waya, lakini ujumbe wa Wi-Fi mara nyingi huchelewa zaidi?

3. Kila ukuta hupitisha robo ya nguvu ya mawimbi. Baada ya kuta tatu imebaki sehemu gani?

4. Foleni ya baiti 500,000 imo katika njia ya megabiti 20 kwa sekunde. Ujumbe ulio nyuma yake utangoja milisekunde ngapi?

5. Fanya jaribio la sehemu ya 8 nyumbani kwenu au shuleni. Je, mchelewo wenu umo ndani ya nyumba au nje yake? Toa ushahidi wa namba, na ueleze ni hatua gani ungeichukua kwanza, na kwa nini.